Mtini wa Mwitu na Jipu la Hezekia



Katika misitu ya kwetu Kasugho, kuelekea Tayna kwenye gorila, imo mitini ya mwitu ya namna nyingi. Mkuyu ambao Zakayo aliupanda ni wa ukoo huo. Msasa pia ni wa ukoo huo, ule ambao majani yake yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, hata maseremala husugulia mbao. Ukikata gome, hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Tangu zamani, katika nchi nyingi za Afrika, watu hutumia majani, maganda na utomvu huo kwa vidonda, kikohozi, minyoo na maumivu ya tumbo.

Wako Wakristo wanaosema kwamba dawa ya mti ni ushetani. Mimi sikubali. Soma 2 Wafalme 20:7. Mfalme Hezekia alipougua jipu, nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu yake. Mti uliumbwa na Mungu, wala si dhambi kuutumia.

Lakini angalia vizuri jinsi ulivyotumika. Tini ziliwekwa juu ya ngozi, mahali pa jipu. Hezekia hakunyweshwa chungu kizima cha maganda yasiyopimwa. Hapo ndipo ninapoona hatari yetu.

Mti una nguvu kweli. Mwaka 1930 mtaalamu Robbins wa Marekani aliandika kwamba utomvu wa mtini mmoja wa nchi za joto za Amerika una kitu kinachoyeyusha minyoo. Kitu hicho huitwa fisini. Basi fikiri: kinachoyeyusha mwili wa mnyoo, kikizidi, kitafanya nini ndani ya tumbo la mtoto wako? Mti haukuambii kipimo. Kidonge cha albendazoli kina kipimo: miligramu 400 mara moja, na nusu yake kwa mtoto wa mwaka mmoja ambaye hajafika miaka miwili.

Kwa hiyo nasema mambo matatu.

Kwanza, usipake utomvu wala majani yaliyotafunwa juu ya kitovu cha mtoto mchanga. Uchafu huleta pepopunda. Mtoto aliyenyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha akashindwa kunyonya na mwili ukakakamaa, yuko karibu na kufa. Kitovu kiwe safi na kikavu, na mama apate chanjo ya pepopunda anapokuwa na mimba.

Pili, mtoto anayeharisha usimpe maji ya maganda ili afunge choo. Kinachomwua ni kukaukiwa maji. Chemsha maji lita 1, yaache yapoe, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mpe kidogo kidogo, na aendelee kunyonya.

Tatu, homa na kutapika si mambo ya kungojea nyumbani. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 iliua watu 2.287 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini. Mwanzo wake hufanana na malaria. Anayekaa siku nyingi akinywa majani hupoteza nafasi yake ya kupona, tena huwaambukiza wanaomwosha na kumlisha.

Utaniambia: Muganga, hospitali ni mbali, njia ni mbaya, pesa hakuna, na mti uko nyuma ya nyumba. Ni kweli, wala sikucheki. Kwa sababu hiyo nimekuandikia mambo ambayo unaweza kuyafanya kwako leo: sabuni na maji safi juu ya kidonda, maji ya sukari na chumvi kwa mtoto, na kuanza safari mapema, kabla mgonjwa hajalegea.

Na ukifika, usifiche. Sema wazi: tulimpa majani haya, mara ngapi, tangu siku gani. Nasi wauguzi tusimgombeze mama kwa majani yake, maana anayegombezwa leo, kesho atanyamaza, na ukimya wake unaweza kumwua mtoto.

Hezekia alitumia tini, na pia alisikiliza neno la aliyetumwa kwake. Wewe nawe uheshimu mti, lakini usiufanye kuwa daktari.