Komamanga Lililopasuka
Wiki hii nilishika kwa mikono miwili sahani ya kaure, nyeupe yenye michoro ya samawati, mali ya bibi jirani yangu, ambayo kwao ilikaa kidakani tangu enzi za mama yake. Katikati pamechorwa komamanga lililopasuka ubavuni, punje zinachungulia moja moja, na ufa mwembamba kama unywele umepita juu yake. "Matunda tu hayo, mwanangu," akaniambia. Kumbe si matunda tu. Kwa Wachina, neno zi ni mbegu na pia ni mtoto, hivyo komamanga lililofunguka ni dua ya kizazi kingi. Pichi ni umri mrefu. Lile limau lenye vidole, waliitalo mkono wa Buddha, ni baraka, kwa kuwa jina lake linakaribiana kimatamshi na neno la baraka. Yakikutana matatu hayo, mwenye chombo ameombewa neema zote kwa mpigo. Ndege nao wamo: bata dume na jike ni ndoa yenye mapenzi, korongo ni maisha marefu, na jina la kware, an, husikika sawa na neno la amani. Lisemwalo na brashi halihitaji karani. Ndiyo maana huumia nikikuta kibandiko cha makumbusho kinataja nasaba na karne, kisha kimya: huko ni kutunza bahasha na kutupa barua. Bibi aliposikia habari ya punje alinyamaza kidogo, akahesabu wajukuu kwa vidole, akaifuta sahani kwa upindo wa kanga.