Kasisi Mwenye Kazi Mbili

Wako watu, tena wenye elimu, wasemao ya kuwa kasisi aliyeajiriwa na chama cha kuwasaidia maskini si kasisi kamili. Wakisikia kwamba katika Kanisa la Kiepiskopali la Marekani mtu aweza kuongoza chama cha hisani siku za kazi na kusimama madhabahuni siku ya Bwana, hutikisa vichwa, wakatwaa neno la Injili juu ya mabwana wawili. Sisi twasema wamekosea. Neno lile lilinenwa juu ya mali. Halikunenwa juu ya kuwalisha wenye njaa.

Na wamtazame Absalom Jones, mtu mweusi wa kwanza kupewa ukasisi katika kanisa hilo. Alizaliwa mtumwa huko Delaware mwaka 1746. Katika mji wa Philadelphia alifanya kazi mchana dukani mwa bwana wake, na usiku kwa faida yake mwenyewe, hata akamkomboa mkewe kwanza, na nafsi yake mwaka 1784. Mwaka 1787 yeye na Richard Allen walianzisha Free African Society, chama cha kusaidiana. Kila mwanachama alitoa shilingi moja kwa mwezi, nao wajane, yatima na wagonjwa wakatunzwa. Ndani ya chama hicho ndimo lilimochipuka kanisa la Mtakatifu Thomas, lililofunguliwa mwaka 1794. Haya, wasemao kwamba chama huharibu ukasisi watuambie, ukasisi huu ulitoka wapi?

Mwaka 1793 homa ya manjano iliingia Philadelphia, ikaua watu wapata 5,000 kwa miezi michache. Wengi wenye uwezo walikimbia. Jones na wenzake walibaki, wakiuguza na kuzika, maana ilidhaniwa kwamba watu weusi hawapatwi na homa ile. Dhana hiyo ilikuwa ya uongo, nao wakafa kama wengine. Homa ilipokwisha, mchapishaji mmoja, Mathew Carey, aliandika kwamba baadhi yao walijitajirisha kwa taabu ya wagonjwa. Jones na Allen hawakumrudishia matusi. Mwaka 1794 walitoa kijitabu, wakaweka hesabu wazi: fedha walizopokea kwa mazishi, majeneza waliyonunua, ujira wa watu watano waliowaajiri. Walikuwa wamepungukiwa paundi 177 na zaidi. Sisi walimu tuandikao karo za watoto kila mwezi twajua ni kazi gani kuandika hesabu ambayo adui hawezi kuitoboa. Mahubiri mangapi yana nguvu ya ukurasa ule?

Alipofanywa shemasi mwaka 1795 alisamehewa Kiyunani na Kilatini, walakini kwa sharti: kanisa lake lisitume wajumbe katika baraza la dayosisi. Ukasisi wenyewe aliungoja miaka kadhaa tena. Atafutaye doa katika habari hii ataliona hapo, wala si katika chama.

Jambo moja twawakubalia wapinzani wetu. Wapo wazee wa kanisa wampendao kasisi mwenye kazi nyingine kwa kuwa hawatamlipa kitu. Huo ni uchoyo uliovikwa kanzu. Lakini dawa yake ni kumpa kasisi haki yake, si kumwondoa kwa wagonjwa na wajane.