Bastola ya Siri Katika Kijiji Kisicho na Siri

RAI YA MTUNDA
Safu ya kila juma, na Seif Matimbwa

Mtu aliyezoea kuishi Dar es Salaam, mlango kwa mlango na jirani asiyemjua hata jina, haoni ajabu yoyote katika jambo hili la kubeba bastola kwa siri. Kwani katika mji wa namna ile siri hupatikana bila ya taabu, na mwenye silaha kiunoni aweza kupanda daladala, akanywa kahawa barazani na kurejea kwake salama, pasiwe na kiumbe aliyejua kilichofunikwa na shati lake. Lakini hapa kwetu Mtunda, na katika wilaya ya Kibiti nzima mpaka visiwa vya delta ya Rufiji, ambako mgeni akishuka kwenye bodaboda habari zake humtangulia kufika nyumba anayoiendea, sitara hiyo haipo, na yeyote anayekusudia kununua bastola ndogo ya kuficha afadhali aanzie hapo hesabu yake.

Nayanena haya kwa kuwa mpwa wangu, mfanyabiashara wa ufuta na korosho (hakunieleza kama korosho zake ni za halali au za kangomba, yaani za kununuliwa kwa magendo, nami sikumwuliza), alinijia juzi na simu iliyojaa picha za bastola, akaniamkia kwa adabu yake ya siku zote, kisha akasema: "Mjomba, wewe ulipitia mgambo, hebu nitazamie hizi. Nataka ndogo, isiyoonekana, yenye usalama."

Katika sifa hizo tatu, hii ya mwisho ndiyo yenye maneno mengi, na ndiyo wanunuzi wengi huiulizia baada ya bei. Bastola ya Walther PP, iliyotoka Ujerumani mwaka 1929, ina kitufe ubavuni ambacho ukikishusha, nyundo iliyokwisha kukokiwa huanguka pasina kuifikia risasi. Na ukitaka kuitumia baada ya hapo, mvuto wa kwanza wa triga huwa mrefu na mzito, hata kidole kilichokwenda kwa fadhaa hupata nafasi ya kujirudi. Glock 19, ya mwaka 1988, kazi ya kampuni ya Gaston Glock wa Austria, imefuata njia nyingine kabisa: nje haina kitufe cha usalama hata kimoja, na kinga zake tatu, zikiwamo ulimi mdogo ulio katikati ya triga na kizuizi cha pini, hulegea moja baada ya nyingine kidole kivutapo. Askari aliyefunzwa huisifu kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hana cha kukumbuka wakati wa taharuki. Mimi, nikifikiria nyumba zetu zenye watoto wanane na mlango wa pazia, naona kuwa bastola isiyokuwa na kizuizi ila kidole ni bastola inayomwamini kila mwenye kidole.

Wala jina kubwa si dhamana. Mwezi wa Januari mwaka 2017 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani liliteua bastola ya SIG Sauer ya jamii ya P320 kuwa silaha yake mpya ya kiunoni, na ilipofika Agosti ya mwaka huo huo kampuni iliwatangazia raia walionunua P320 kwamba itazifanyia marekebisho bila ya malipo, kwa kuwa majaribio yalidhihirisha kuwa ikianguka kwa pembe fulani yaweza kufyatuka pasipo mtu kuigusa triga. Ikiwa hayo yamempata fundi mwenye viwanda na maabara, basi mwenye kuambiwa na dalali wa vichochoroni kwamba "hii haina shida, mzee" hana budi kuzidisha hadhari.

Kuhusu udogo, nilimwonyesha mpwa wangu jambo moja tu. Nilimpa rungu langu fupi alichomeke kiunoni chini ya shati, nikamwambia apande pikipiki yake. Na alipoinua mguu kuvuka kiti, shati likapanda, kitako cha rungu kikatokeza wazi, na watoto waliokuwa uani wakacheka. Bastola ndogo hufichika vizuri zaidi kuliko rungu, sikatai, walakini ufupi wa mtutu una gharama zake: mkono hurushwa juu kwa nguvu zaidi kila risasi itokapo, shabaha hupotea upesi, na asiyefanya mazoezi ya mara kwa mara, tena mahali palipoidhinishwa, huwa amenunua kishindo. Na joto hili letu la pwani, jasho likikutana na upepo wa chumvi, chuma kisichopakwa mafuta huanza kushika kutu kabla mwenyewe hajajua.

Tuje kwenye siri. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mtu hanunui bastola kama anunuavyo jembe; maombi yake huanzia katika ofisi ya kijiji, yakapanda katani, yakafika kwa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya na kwa polisi, na katika kila meza wapo wanaosoma na wapo wanaosikia wanaosoma. Siilaumu sheria, maana kujuliwa tabia za mwombaji na watu wanaoishi naye ni jambo la insafu kabisa. Lakini hatima yake kwa mtu wa Mtunda ni kwamba kabla bastola haijafika kiunoni, wauza samaki wa gulioni watakuwa wamekwisha kuijua.

Na ikijulikana, huwa ni mali ya kutafutwa. Hilo sisi hatukulisoma vitabuni. Jioni ya tarehe 13 Aprili mwaka 2017, katika kijiji cha Mkengeni, si mbali na Jaribu Mpakani, askari polisi wanane waliokuwa wakirejea kutoka kazini waliviziwa ndani ya gari lao wakauawa, na wauaji wakaondoka na bunduki zao. Hao walikuwa watu wa mafunzo, wenye silaha kubwa, na walikuwa pamoja. Wenyeviti wa vijiji na watendaji waliouawa katika miezi ile, Kibiti, Rufiji na Mkuranga, aghalabu walifuatwa usiku majumbani mwao na watu waliokuja kwa pikipiki, hata serikali ikapiga marufuku bodaboda kutembea baada ya magharibi. Mwenye kuviziwa hapati muda wa kuinua shati.

Tena ipo kadhia ya upande wa pili, ya bastola iliyo mkononi mwa mwenyewe na akili ikiwa imechukuliwa na ghadhabu. Mwezi wa Novemba mwaka 2006, marehemu Ukiwaona Ditopile Mzuzuri, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Tabora, alishtakiwa kwa kumuua kwa risasi dereva wa daladala barabarani Dar es Salaam. Shtaka la kuua kwa kukusudia likageuzwa kuwa la kuua bila kukusudia, naye akafariki mwaka 2008 kesi haijamalizika. Wenye kukumbuka watakumbuka jinsi nchi ilivyotikisika.

Nilimwuliza mpwa wangu anachokiogopa hasa. Akanijibu kwamba ni fedha, pale anapotoka mnadani na mfuko wa noti. Basi rai yangu ni aondoe mfuko, maana korosho zinazouzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani hulipwa kupitia benki, na ufuta nao waweza kulipwa kwa simu. Anayetembea na noti siku hizi huwa ana sababu zake. Alinyamaza kidogo, akasema baadhi ya wakulima wake bado wanataka fedha mkononi, na kwa hiyo bastola bado anaitaka. Haya, ni haki yake kuomba. Aanzie kwa mwenyekiti wa kijiji, achague yenye kitufe cha nje na mvuto mzito, asiibebe ikiwa na risasi kwenye chemba, na kabla ya yote anunue kasha la chuma alifunge kwa bolti kwenye sakafu ya saruji, ambayo nyumba yake, kwa sasa, haina.