Staa Akishapiga Picha Akaondoka, Mchana Kutwa Anabaki na Nani?

Juzi kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, katupia picha kamkumbatia kijana mwenye ulemavu wa akili, pembeni kuna katoni za sabuni na mfuko wa sukari. Watu wakamwagika kwenye komenti, nusu wanalia kwa emoji, nusu wanasema ni kiki tu.

Mimi sina ugomvi na ile sabuni. Nyumba yenye mtu mzima asiyeweza kujifulia inamaliza sabuni kuliko unavyofikiria. Kilichonikaa kichwani ni komenti moja iliyopata laiki nyingi kuliko zote: "Hawa si wapelekwe tu kwenye vituo." Nikajiuliza, vituo vipi? Mimi nakaa Mbinga. Nimeuliza mtaani, nimeuliza kanisani, nimewauliza na watu wa Mbamba Bay. Hakuna aliyenionyesha sehemu ambayo mtu mzima wa hivyo anaenda asubuhi, anapata shughuli ya kufanya na chakula, jioni anarudi kwao. Niliyoonyeshwa ni madarasa ya watoto.

Na hapo ndipo ishu yenyewe ilipo. Mtoto mwenye ulemavu wa akili akibahatika anapata shule ya msingi yenye kitengo maalumu. Ana mwalimu anayemjua, ana wenzake. Akimaliza, anarudi nyumbani na ndiyo basi tena. Ana miaka 16, 17, nguvu zinaongezeka, ndevu zinaota, na mama yake anazeeka. Hakuna anayemuuliza mama kesho atafanyaje.

Kuna familia moja huku milimani, siitaji. Kijana wao ana miaka 27, haongei vizuri, na kifafa kinamjia muda wowote. Msimu wa kahawa ukiingia mama lazima aende shamba, na mashamba ya Umatengo mnayajua, ni mteremko na mashimo ya ngoro. Hawezi kwenda naye na hawezi kumwacha njiani. Kwa hiyo anamfungia ndani, anamwachia maji na ugali, anarudi saa nane amechoka. Majirani wanamsema. Mimi nilikuwa tayari kumsema pia, lakini aliniambia, "Mwanangu, wewe ukija kukaa naye kuanzia saa moja mpaka saa nane, hiyo kufuli nakupa wewe uitupe." Sikuwa na jibu. Ukimwita huyo mama katili, uwe na sehemu ya kumwambia ampeleke.

Kule ziwani ndiyo usiseme. Mtu mwenye kifafa na Ziwa Nyasa havikai pamoja. Familia za wavuvi huwa zinaogopa maji kuliko kitu chochote, kwa hiyo kijana mzima anakaa uani anawatazama wenzake wakianika dagaa.

Sasa ukitaka msaada wa serikali unaanzia wapi? Unaanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, unaenda kwa mtendaji, kisha halmashauri kwa afisa ustawi wa jamii. Zamani mtu wa Liuli au Lituhi alikuwa anapanda milima mpaka Mbinga, tangu Nyasa iwe wilaya mwaka 2012 anaishia Mbamba Bay. Ni nafuu, ila jaribu wewe kumpandisha bodaboda mtu mzima anayeogopa kelele. Na akifika ataambiwa nini? Ataulizwa jina liandikwe kwenye orodha. Kuandikwa ni kuzuri, usikatae, maana asiyeandikwa hahesabiki. Lakini orodha haikai na mtu mchana.

Kuna na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Nzuri sana, nawajua watu imewatoa. Ila ni mkopo. Kuna fomu, kuna akaunti ya benki, kuna kuandika mradi, kuna marejesho. Mtu wa kiti cha magurudumu anayejua hesabu anapita hapo vizuri kabisa. Yule kijana wa miaka 27 hata jina lake haandiki. Kwa hiyo ukisikia "watu wenye ulemavu wamepewa", ujue hilo neno lina watu wa aina nyingi ndani yake, na kundi moja linabaki nyuma kila mara.

Vyuo je? Vipo vya serikali vya ufundi kwa watu wenye ulemavu, kama Yombo kule Dar na Mtapika kule Masasi. Hebu piga hesabu ya safari kutoka Mbamba Bay hadi Masasi, upite Mbinga, Songea, Namtumbo, Tunduru. Na chuo ni mafunzo, yanaisha. Mtu akirudi anarudi kwenye uani uleule.

Najua kuna mtu ataandika hapo chini kwamba nchi yetu maskini, hayo ni mambo ya Marekani. Marekani kwenyewe, ambako serikali inalipia hizi huduma za mchana, kuna majimbo watu wanasubiri kwenye foleni miaka. Mimi siombi jengo la ghorofa. Huku kwetu kuchambua kahawa, kutoa punje mbovu kwenye vichanja, ni kazi ya kurudia rudia ambayo vijana wengi wa aina hii wanaiweza na wanaipenda wakifundishwa taratibu. Kuanika dagaa vilevile. AMCOS ina eneo, kanisa lina ukumbi ambao Jumatatu hadi Ijumaa uko wazi. Kinachokosekana ni watu wawili wa kukaa nao, wanaojua kifafa kikimshika mtu unafanyaje, na posho yao itoke kwenye bajeti ya halmashauri badala ya mfuko wa staa. Anzeni na siku tatu kwa wiki. Na kijana akichambua kahawa alipwe, tusije tukageuza huruma kuwa kibarua cha bure.

Bajeti ya halmashauri inaanza kutumika Julai, lakini mipango inaanzia vijijini miezi mingi kabla. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu, na mjumbe wake ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Kila mkazi, hata huyo aliyefungiwa ndani. Na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Mimi mtaani kwangu niliuliza kamati yetu ina nani, mwenyekiti akacheka, akasema nije wiki ijayo. Wiki ijayo nikaenda, akasema wanaitafuta karatasi yenye majina. Nitaenda tena Jumatatu.

Nyie mlioko Mbinga vijijini, Mbamba Bay, Liuli, Lituhi na huko kwingine, ulizeni na nyie halafu mshushe komenti. Tajeni kijiji, kama kamati ipo au haipo, na mara ya mwisho imekaa lini. Majina ya watu msiweke, wala picha za wagonjwa, nitazifuta.