Nyanya Anayeleta Mtoto Naye Apimwe

Mwaka 2008 nyanya yangu alinibeba mgongoni kutoka Kenya. Tulivuka Malaba, tukapita Rubongi mpaka kambi ya muda ya Mulanda. Baadaye, hapa Kiryandongo, kila mwezi alibeba kitukuu kwenda kliniki. Mtoto anapimwa uzito, nyanya anangoja kwenye benchi. Mwaka jana alianguka kisimani, mkono wa kulia ukapooza. Kumbe ni presha! Na hakuwahi kulalamika hata kichwa.

Presha mara nyingi haina dalili, na kuipima ni dakika chache tu. Ikifika 140/90, mzee arudi apimwe siku nyingine. Kwa nini tuwangoje mpaka waanguke? Ukimpeleka mtoto kliniki, nenda na mzee wako, useme: mpimeni na huyu.