Baba Asiyehukumiwa

Filamu ya Matt Ross, Captain Fantastic, iliyotoka mwaka 2016 na kutuzwa huko Cannes, imenikirihi, wala si kwa uigizaji wa Viggo Mortensen kama baba, ambao hauna ila, bali kwa kuwa baba huyu, aliyewatenga wanawe sita na walimwengu katika misitu ya Marekani, huwafundisha kuiba chakula dukani, naye akijifanya ameshikwa na maradhi ya moyo, kisha tunatakiwa tumstahi kama mwalimu wa hekima. Binti yake aporomoka paani akitekeleza amri yake, nusura afe. Na punde watoto, aliokusudia kuwaacha nyuma, wajificha ndani ya basi lake wamrudie, dhambi ikasamehewa kabla ya hukumu. Kijana wake mkubwa, aliyekubaliwa na vyuo vikuu mashuhuri, amlalamikia kwamba hajui lolote lisilotoka kitabuni, na malalamiko hayo, yaliyostahiki kuwa ndiyo hadithi yenyewe, yamepitiwa upesi mno.