Jumlisha saa kwanza

Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri jinsi ya kuchagua mpango wa mazoezi ya Ironman, ila umelipita haraka jambo linalowashinda wengi: saa za mazoezi kwa wiki. Kabla ya kuuliza mpango ni wa wiki 20 au 30, fungua wiki nzito kuliko zote, ujumlishe saa zake. Zikifika 16 na wewe unatoka kazini saa moja usiku, mpango huo si wako, hata kama umeandikwa na kocha wa mabingwa.

Halafu baiskeli. Ironman kamili ni kilomita 226 hivi za kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, na 180 kati ya hizo uko juu ya baiskeli. Mpango unaogawa muda sawasawa kwa michezo yote mitatu umemfurahisha aliyechora jedwali tu. Sisi tuliotoka kwenye marathoni ndio wa kwanza kudanganyika, tunazidisha kukimbia kwa kuwa ndiko tunakojisikia wazima. Tafuta pia kwenye mpango siku za kushuka kwenye baiskeli na kuanza kukimbia papo hapo, maana miguu hugoma.

Kuhusu kuogelea, uliandika kwamba bwawa linatosha kwa mazoezi; hapo sikubaliani nawe kabisa. Anayelenga mashindano ya Gqeberha, Afrika Kusini, ataogelea kilomita 3.8 baharini, bila ukuta wa kushika wala mstari wa kufuata chini. Mtu wa Mombasa au Dar ana bahari ya bure mlangoni, na bado analipia bwawa! Huo mpango uliousifu kwenye makala yako umetenga siku ngapi za baharini?